Mazungumzo ya Nyumbani: Taji la Nyumba na Njia ya Maji



Juma lililopita nilipokea barua kutoka Nyacheki, nyumbani kwetu Bobasi, iliyoandikwa na kijana mmoja ambaye ni karani. Barua yenyewe ni ya adabu, lakini ndani yake mna swali linalochoma kidogo. Kwa ufupi asema hivi: "Mzee wangu, nyumba yako iliyo juu ya barabara ilikuwa ikisifiwa na kila mtu aendaye sokoni, kwa sababu ya taji lake la saruji lenye meno, na nguzo mbili zilizo mbele. Mwezi uliopita nilipita nikaona taji limebomolewa, na mahali pake umetokeza paa la mabati kama la watu wote. Wengine wanasema umefilisika. Mimi nami nawajengea wazazi wangu, na fundi ameniletea picha ya nyumba kama ile yako ya kwanza. Tafadhali nieleze, kulikuwa na kosa gani? Na yale meno ni ya nini hasa?"

Namshukuru kijana huyu kwa kuuliza kabla ya kulipa. Mimi nililipa kwanza, kisha nikauliza. Sikufilisika, ila nilikaribia. Kwa kuwa najua wako wasomaji wengi waliotiwa macho na picha za namna hiyo, nimeona yafaa nimjibu hapa mbele ya watu wote, hata kama jibu lenyewe litanitia aibu.

Yule ukingo unaotokeza juu ya ukuta, chini kidogo ya paa, huitwa kornisi. Haukubuniwa na mafundi wa siku hizi. Wayunani wa kale walikuwa nao, na Warumi wakaupokea kwao. Meno yale ya mraba yaliyopangwa mstari mmoja chini ya kornisi, Warumi waliyaita kwa neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo, "vijino". Tena si meno tu. Katika mahekalu ya Wayunani utaona vibao vya mawe vyenye mifereji mitatu ya kusimama, vimepangwa juu ya nguzo kwa nafasi zilizo sawa. Juu yake, chini ya ukingo, utaona mabamba yaliyoinama kidogo, na kila bamba lina vifundo kumi na vinane, safu tatu za sita sita. Mtu aonaye kwa mara ya kwanza hudhani ni mchezo wa fundi aliyekuwa na siku nyingi na kazi chache.

Lakini palikuwa na fundi mmoja wa Kirumi, jina lake Vitruvius, aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, akaandika vitabu kumi juu ya kazi ya ujenzi na kumpa Kaizari Augusto. Katika kitabu cha nne aeleza asili ya mapambo hayo. Asema ya kuwa zamani mahekalu yalijengwa kwa mti. Boriti zilipita juu ya ukuta, zikakatwa, na vichwa vyake vikabaki vikitazama nje. Mafundi hawakupendezwa na sura ya vichwa vile vilivyokatwa, basi wakavipigilia vibao na kuvipaka nta ya rangi ya samawati. Baadaye, walipoanza kujenga kwa mawe, wakachonga mfano wa vibao vile katika jiwe. Yale mabamba yaliyoinama ni mfano wa makombamoyo ya paa yaliyotokeza nje ya ukuta. Meno nayo ni mfano wa vichwa vya miti midogo iliyotokeza vivyo hivyo. Na vile vifundo vyafanana na vigingi vya mti vilivyoshika kazi yote pamoja, ingawa Warumi waliviita "matone", kana kwamba ni mvua inayodondoka.

Msomaji wa Gusii hahitaji kwenda Ugiriki ili ayaelewe maneno haya. Na atazame jiko la zamani la mama yake, lenye kuta za fito na udongo na paa la nyasi. Akisimama chini ya upenu na kuinua macho, ataona vichwa vya makombamoyo vimetokeza nje ya ukuta, kimoja baada ya kingine, kwa nafasi zilizo sawa. Hayo ndiyo meno yenyewe, na Wayunani waliyachonga katika jiwe ili wasiyasahau.

Sasa twaja kwenye jambo kubwa. Kwa nini miti ile ilitokeza nje? Ilitokeza ili ibebe upenu, na upenu ulitokeza ili uyapeleke maji mbali na ukuta. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kornisi, na mapambo yote yaliyofuata yalikuja kumpamba mfanyakazi huyu. Hata kile kipande cha kornisi kilichotokeza kuliko vyote, ambacho Warumi walikiita taji, hakikuwekwa kwa ajili ya fahari tu. Uso wake husimama wima, na upande wa chini huchongwa uingie ndani, ili tone la maji likifika ukingoni lisipate njia ya kutambaa kurudi ukutani. Hapo hukatika na kuanguka chini.

Msomaji anayetilia shaka jambo hili afanye jaribio jikoni. Amimine chai polepole kutoka katika sufuria. Ataona sehemu ya chai haiangukii kikombeni, bali hugeuka na kutambaa chini ya ukingo wa sufuria, ikafuata ubavu wake mpaka mezani. Kisha amimine kutoka katika birika lenye mdomo mzuri. Chai itaanguka inapotakiwa. Maji hupenda kushika kitu yanachokigusa, na yasipopata mahali pa kukatika huandamana nacho popote kiendako. Ukuta usio na mdomo ni sawa na sufuria ile.

Mapambo mengine ya ukingo wa paa yalikuwa na kazi vilevile. Mahekalu ya Wayunani yaliezekwa kwa vigae, na katika kila mstari wa vigae palibaki tundu ukingoni ambapo upepo na mvua vingeweza kuingia. Waliliziba kwa kigae cha kusimama, wakakichora jani la mtende au uso wa mtu. Katika hekalu la Zeus kule Olympia, lililojengwa kati ya miaka ya 470 na 457 hivi kabla ya Kristo, palipangwa vichwa vya simba vya marumaru ubavuni mwa paa, midomo wazi. Maji ya paa yote yalitoka katika midomo ile na kurushwa mbali. Mtazamaji aliona simba, na nyumba ilikuwa imepata mifereji yake.

Na juu kabisa, penye ncha ya paa na kwenye pembe zake, Wayunani walisimamisha pambo la chombo, au jani, au sanamu. Hapa napo hatuko mbali na nyumbani. Jirani zetu Wajaluo huchomeka kijiti kiitwacho osuri katika kilele cha paa la mwenye mji, na anapofariki kijiti hicho huondolewa. Mpita njia akitazama kilele ajua kama mwenye nyumba yu hai. Basi desturi ya kukifanya kilele cha paa kiseme neno haikuwa ya Wayunani peke yao.

Pwani yetu pia ina somo lake. Katika Mji Mkongwe wa Unguja limesimama jengo liitwalo Zahanati ya Zamani, ambalo tajiri Tharia Topan alianza kulijenga mwaka 1887, likamalizika mwaka 1894, yeye akiwa ameshafariki. Liliharibika sana kwa kukaa bila kutunzwa, likatengenezwa upya katika miaka ya 1990. Sifa yake ni roshani zake za mbao zenye nakshi. Katika nyumba nyingi za pwani utaona pia ubao mrefu wenye nakshi umepigiliwa ukingoni mwa paa, ukining'inia kama kitambaa cha kufuma. Mgeni hudhani ni urembo mtupu. Seremala ajua zaidi. Ubao ule hufunika vichwa vya miti ya paa, na kila seremala ajua ya kuwa mti hunywa maji kichwani kuliko ubavuni. Na zile ncha zilizochongwa chini ya ubao huyakusanya maji, yakadondoka penye ncha badala ya kutambaa. Vile vibao vya Vitruvius na ubao huu wa pwani ni ndugu.

Huenda msomaji atauliza, kama mapambo haya yalikuwa na kazi, mbona yaliniletea hasara? Subirini, nafika huko.

Nilipokuwa kijana nikifanya kazi Nairobi, nilizoea kupita mbele ya Maktaba ya McMillan. Ilifunguliwa mwaka 1931, imejengwa na mjane wa Bwana William Northrup McMillan kwa ukumbusho wa mumewe. Ina nguzo kubwa mbele, na simba wawili wa mawe wanalinda ngazi. Katika enzi ya ukoloni Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kuingia kusoma humo. Milango ilifunguliwa kwa watu wote baada ya Baraza la Jiji kuichukua maktaba mwaka 1962. Wazee waliotutangulia walizitazama nguzo zile kutoka barabarani. Kwa hiyo, wengi wetu tukapata kuamini, bila kusema kwa kinywa, ya kuwa nguzo na taji la jiwe ndiyo alama ya watu wakubwa, na kwamba mtu akiweza kuziweka nyumbani kwake amekwisha ingia ndani. Sioni ubaya wa kuitamani heshima hiyo. Ubaya wangu ni kwamba nilinunua alama, nikaiacha kazi.

Nilipostaafu nilichukua akiba yangu nikajenga Nyacheki. Kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, saruji ikiwa ya kupaka nje tu. Fundi alinishauri paa lifichwe nyuma ya ukuta mfupi, na ukuta huo avishwe kornisi yenye meno pande zote nne. Kazi hiyo ya juu peke yake ilikula fedha za kununua ng'ombe wawili wa maziwa. Baba yangu, aliyekuwa bado yu hai, alikuja kuitazama. Alizunguka nyumba mara moja, akiwa na fimbo yake, kisha akauliza, "Mwanangu, maji yatatoka wapi?" Nikamjibu, "Tata, kuna mfereji nyuma ya ukuta huu, hauonekani." Akasema, "Basi na maji hayataonekana yakiingia." Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya mzee asiyejua mambo ya kisasa.

Nchi yetu haina huruma na kosa la namna hiyo. Gusii ni nchi ya mvua nyingi, na miezi ya ukavu ni michache. Tena ina mvua ya mawe. Katika masika ya kwanza yalikuja majani ya mikaratusi, yakaziba tundu la mfereji ule uliofichwa. Nikapanda nikayatoa. Katika masika ya pili mvua ya mawe ilinyesha alasiri moja, mawe yakajaa mfereji kama maharagwe katika gunia. Maji yaliyofuata hayakupata njia ya kutoka nje, yakapanda, yakapita juu ya ukingo wa mabati, yakashuka ndani ya ukuta. Paa la kawaida lenye upenu halina tabu hiyo, kwani mawe huteleza yakaanguka uani.

Nje nako, ile kornisi ya saruji haikuwa na mfereji wa kukata tone chini yake. Sehemu yake ya juu ilikuwa bapa kama meza, basi maji yalikaa, yakapata nyufa. Yaliyobaki yaligeukia chini, yakapita kati ya meno, jino hadi jino, yakashuka ukutani. Plasta ikaanza kuwa na mabaka meusi, kisha ikatuna, kisha ikaanguka. Nyuma yake nilikuta udongo kati ya matofali umelowa kama uji. Katika chumba cha kulala watoto ukuta ulipasuka kutoka dirishani hadi juu, ufa wa kuingia kidole. Usiku huo tuliwahamishia watoto jikoni kwa mama yangu, katika ile nyumba ya nyasi. Nikasimama pale chini ya upenu na taa mkononi, nikaupapasa ukuta. Ulikuwa mkavu, na umri wake ulizidi miaka thelathini.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi ndani nilikuwa na udongo uliolowa.

Niliwaza mengi usiku ule. Baadaye nilisoma habari za Vitruvius, nikakuta jambo lililonigusa. Asema ya kuwa mafundi wa kale walikataa kuweka meno katika sehemu ya mbele ya paa iliyoinuka pembe tatu, kwa sababu katika nyumba ya mti makombamoyo hayaelekei upande ule, huelekea penye michirizi. Kwao, jambo lisiloweza kuwapo kwa kweli halikuweza kuwa sahihi katika mfano wake. Warumi wenyewe hawakuishika sheria hii sikuzote, na nyumba zao hazikuanguka kwa sababu hiyo. Lakini mimi niliona naambiwa mimi. Nilikuwa nimeweka mfano wa miti inayobeba upenu, na upenu wenyewe sikuwa nao.

Ndiyo sababu taji lilibomolewa. Niliuondoa ule ukuta mfupi, nikatokeza makombamoyo ya kweli futi mbili na nusu nje ya ukuta, nikaezeka mabati mpaka nje, nikafunga mifereji inayomimina katika tangi. Ufa nikauziba kwa tofali na saruji. Nguzo mbili za mbele niliziacha, kwa sababu zinabeba baraza.

Sasa namjibu kijana wetu mambo matano, naye afanye atakavyo.

Kwanza, mwulize fundi swali la baba yangu: maji yatatoka wapi? Akuonyeshe kwa kidole, kutoka kileleni mwa paa mpaka mtaroni. Fundi aijuaye kazi yake hatakasirika.

Pili, kama ukuta wako ni wa udongo, au wa matofali yaliyounganishwa kwa udongo, usiufiche paa. Toa upenu usiopungua futi mbili. Msingi nao uinuke juu ya ardhi, maana maji ya michirizi huruka yakagonga ukuta kutoka chini.

Tatu, kama wataka kornisi ya saruji, hakikisha upande wake wa juu umeinama kuelekea nje, na kwamba chini yake pamechimbwa mfereji mdogo wa upana wa nusu inchi, kama inchi moja na nusu kutoka ukingoni, usiokatika mahali popote. Mfereji huo hauna gharama. Fundi huufanya kwa kulaza ufito au kamba nene katika ubao wa kumiminia saruji, kisha huuondoa.

Nne, kabla hujalipa fedha za mwisho, panda ngazi na kopo la maji, ulimimine juu ya kornisi. Yakidondoka chini mbali na ukuta, lipa. Yakigeuka yakaufuata ukuta, usilipe mpaka arekebishe. Kopo moja la maji lingeniokolea ng'ombe wawili.

Tano, ukiwa na fedha za jambo moja tu, nunua mifereji na tangi. Mama yako atakushukuru kila asubuhi asipokwenda mtoni. Meno yaweza kungoja.

Nisieleweke vibaya. Sisemi ya kuwa nyumba ya mkulima isipambwe. Watu waliochonga mawe ya Tabaka mpaka yakajulikana nchi za mbali hawawezi kuambiwa waishi katika makasha. Hata mimi sikuweza kuyatupa meno yangu yote. Fundi mwingine alinisaidia kuyaokoa machache yaliyokuwa mazima, tukayapanga safu moja juu ya mlango wa mbele, ndani ya baraza, mahali ambapo mvua haifiki. Juu yake, ukitazama, waona vichwa vya makombamoyo yenyewe vimetokeza, vimefunikwa ubao. Mfano na kitu chenyewe vimekaa pamoja, na mtoto akiuliza nitamweleza kipi kilimzaa kipi.

Baba yangu hakuishi kuiona nyumba ikiwa kavu. Masika haya nilikaa barazani alasiri moja mvua ikinyesha kwa nguvu, mawe yakiruka uani kama kuku waliotawanywa. Maji yalianguka kutoka ukingoni mwa bati, futi mbili na nusu mbali na ukuta, mstari mmoja ulionyooka, na yalionekana yote.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kutunza tangi la maji ili lisizae mbu. Wasalaam.